Waya Unaopasuka Ndani ya Maji, na Mkono wa Mwenye Kuufunga

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi, kwa ombi la mafundi wa bati)



Mwezi uliopita, mkutano ulipokuwa karibu kufungwa, mzee mmoja wa kazi ya bati alisimama akauliza swali. Alisema amesikia kwa kijana wake aliye chuoni kwamba iko mashine ya kuunda bati bila nyundo wala presi, kwa waya mwembamba tu unaopasuliwa kwa umeme ndani ya maji. Wengine walicheka. Mzee hakucheka. Alisema, "Nataka kujua kama ni kweli, na kama ni kweli, nyundo yangu itakwenda wapi?" Mwenyekiti akatutuma sisi wa karakana tutafute habari tuje tueleze.

Sisi si watu wa vitabu vingi. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi ya misheni, na mengine tumejifunza kwa mikono. Tumesoma tulichoweza kupata, tumewauliza waliosoma zaidi, na hesabu tumezipiga wenyewe juu ya meza ya kazi kwa chaki. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, mzee, ni kweli. Tena si jambo la jana. Mwaka 1774 fundi mmoja wa London, Edward Nairne, mtengenezaji wa vyombo vya kupimia, aliandika habari za nyaya alizozipasua kwa umeme. Huko Haarlem, katika nchi ya Uholanzi, bwana Martinus van Marum aliundiwa mwaka 1784 mashine kubwa ya kufanya umeme kwa kusugua visahani viwili vya kioo, kila kimoja kipana kupita mita moja na nusu, akawa akiyeyusha nyaya kwa umeme huo. Mashine ile ingali ikionekana leo katika nyumba ya makumbusho ya Teylers. Walakini hao walikuwa wakitafuta elimu tu. Hapana hata mmoja aliyefikiri juu ya bati. Aliyeshika jambo la umeme ndani ya maji na kulifanya kazi ya fundi ni Mrusi, Lev Yutkin wa Leningrad, ambaye mwaka 1955 alitoa kitabu kizima juu ya nguvu hiyo. Katika miaka ya 1960 viwanda vya ndege na roketi vya Marekani vilikuwa vikiunda vipande vya madini magumu kwa njia hii.

Sasa tueleze inavyokwenda. Kila mmoja wetu alijua tangi la maji la stesheni. Pampu ndogo yalijaza polepole usiku kucha, kisha injini ikija, mtu hufungua mdomo mpana na maji yote hushuka kwa kishindo. Pampu ile ile ingejaribu kuijaza injini moja kwa moja, gari lingelala stesheni. Umeme nao una tangi lake, jina lake kapasita. Huwa ni mabamba mawili membamba ya madini yaliyotengwa kwa karatasi au plastiki, yakakunjwa na kutiwa katika kopo. Mashine ndogo hulijaza polepole kwa sekunde kadhaa. Kisha swichi kubwa ikifungwa, umeme wote hutoka mara moja.

Umeme huo ni kiasi gani? Hapo ndipo tulipotumia chaki. Kapasita ya maikrofaradi 100 ikijazwa hata volti 10,000 huwa na jouli 5,000. Usiogope neno. Jouli 5,000 ni kazi ya kuinua gunia la kilo 50 hata kimo cha mita 10, yaani kama kulipandisha juu ya dari la karakana. Au ni taa ya wati 60 kuwaka dakika moja na nusu hivi. Si kitu kikubwa, mtasema, na senti zake ni chache. Kweli. Siri yote iko katika muda. Taa huutumia kwa dakika moja na nusu, lakini waya huupokea kwa sehemu 50 hivi za milioni za sekunde moja. Kazi ile ile ikifanywa kwa muda mfupi namna hiyo, nguvu yake kwa kitambo hicho ni wati milioni 100. Vijana, andikeni tena hili: ukizidisha volti mara mbili, jouli huzidi mara nne. Kapasita ile ile ikijazwa volti 5,000 ina jouli 1,250 tu. Kwa hiyo fundi akitaka pigo kubwa zaidi kidogo, hapandishi volti kwa pupa.

Na waya wenyewe? Ni waya mwembamba wa shaba au aluminiamu, umefungwa katikati ya vichwa viwili vya madini ndani ya maji. Umeme ukiupita, waya hupata moto upesi mno hata hauna nafasi ya kudondoka kama risasi ya kulehemu. Unayeyuka ukiwa bado umesimama mahali pake, kisha mwili wake wote hugeuka mvuke kwa mara moja, na ndani ya mvuke ule umeme huendelea kupita kama radi nyembamba. Mvuke wataka nafasi kubwa kuliko waya. Lakini pande zote kuna maji, na maji, kama anavyojua kila mtu aliyepima boila kwa maji baridi, hayakubali kubanwa. Basi husukumwa, na msukumo hukimbia ndani yake kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kila sekunde, na karibu kabisa na waya hukimbia zaidi ya hapo. Wenzetu wa pwani wameona baruti ikitupwa baharini na wavuvi wabaya, samaki wakafa mbali na pale ilipoangukia. Ni jambo moja. Maji huchukua pigo na kulifikisha kila upande.

Tena pigo si moja. Kwanza ni lile wimbi kali. Nyuma yake huja povu la mvuke linalopanuka na kuyasukuma maji kwa uzito, kama bega la mtu baada ya ngumi. Mara nyingi kazi kubwa ya kulisukuma bati hufanywa na msukumo huo wa pili, ingawa sauti hutoka katika la kwanza.

Sasa bati. Chini kuna kalibu ya chuma, yaani umbo linalotakiwa limechimbwa ndani yake. Bati hulazwa juu ya kalibu na kubanwa kwa pete pembeni. Juu ya bati ni maji, na ndani ya maji ni waya. Presi ya kawaida ina vipande viwili, dume na jike, na vyote viwili havina budi kulingana kabisa. Hapa jike ni moja tu, dume ni maji. Mafundi wa kutengeneza kalibu mnajua nusu hiyo ya kazi ni fedha ngapi na siku ngapi. Kisha bati likipigwa kwa kasi hivyo na kugonga chuma cha kalibu, halirudi nyuma sana kama linavyorudi chini ya presi. Ndiyo maana watu wa ndege waliipenda kwa madini magumu yasiyopenda kukunjwa.

Jambo moja dogo huharibu kazi yote: hewa iliyo chini ya bati, ndani ya kalibu. Bati likishuka ghafula, hewa ile haina njia ya kutoka. Hubanwa, hupata moto, na hulizuia bati lisifike kona za kalibu. Na pengine huunguza uso wake. Kwa hiyo hufyonzwa kwanza kwa pampu hata isibaki, na mpira wa kuzibia hauna budi kuwa mzima. Mpira wa shilingi chache ukiwa na ufa, jouli zako 5,000 zimekwenda bure. Nasi tulicheka kidogo tuliposoma hayo, maana ni kama breki za gari moshi: mtambo mkubwa, na lawama yote hurudi kwa kipande cha mpira.

Mtu atauliza, kwa nini waya? Je, cheche tupu kutoka kichwa hata kichwa haitoshi ndani ya maji? Yatosha, na mashine nyingine hufanya hivyo. Mashine ya kuvunja mawe ya figo, iliyotumika kwa mgonjwa wa kwanza huko München, Ujerumani, mwaka 1980, ilitumia cheche ndani ya maji, na wimbi lake likapita mwilini bila kisu. Lakini kwa kazi ya bati cheche ina matata yake. Yataka volti nyingi ili iruke, na vichwa visiwe mbali. Haifuati njia moja. Leo yapita hapa, kesho pale. Maji yakiwa machafu au yana chumvi, umeme huvuja pembeni kabla cheche haijaruka. Waya huuonyesha umeme njia. Vichwa vyaweza kuwekwa mbali zaidi, na pigo la kumi hufanana na la kwanza, mradi waya ni ule ule kwa unene na urefu.

Na hili ndilo lililotupendeza kuliko yote: waya waweza kupewa umbo. Chukua mfano wa bomba. Unataka bomba livimbe katikati, au lipate mikunjo kama ya akodioni. Unalitia ndani ya kalibu ya vipande viwili, unalijaza maji, na unapitisha waya katikati toka mwisho hata mwisho. Waya ukipasuka, hupasuka urefu wake wote kwa mara moja, na msukumo hutoka sawasawa kila upande, juu hata chini. Cheche ingekuwa nukta moja tu. Katikati bomba lingevimba sana na miishoni kidogo. Nyundo haiwezi kuingia ndani ya bomba jembamba, na hapo hata mzee wetu alikubali kwa kichwa.

Unene wa waya wataka akili ya fundi. Ukiwa mnene mno, umeme wote huishia kuupasha moto. Huyeyuka na kuanguka kama nta, na bati hukaa vile vile likikutazama. Ukiwa mwembamba mno, hupasuka mapema kapasita ingali imejaa, na umeme uliobaki hupita katika mvuke bila mpango, au husimama kidogo ndipo upite. Hutakiwa waya utakaopasuka karibu na wakati ule mkondo wa umeme ulipofika kileleni. Hesabu zipo, lakini mwisho wake watu hujaribu: nyaya tatu za unene mbalimbali, vipande vitatu vya bati, kisha wanapima kina. Ni kama kuchagua moto wa kuchomelea.

Ubaya wake ni huu, na msije mkadhani tumekuja kuuza mashine. Kila pigo lataka waya mpya. Mtu hufungua, hutoa vipande vilivyobaki, husafisha vichwa, hufunga waya mwingine, huzuia, hujaza maji, hufyonza hewa, hujaza kapasita. Presi imekwisha piga mara mia. Kwa hiyo kwa vipande elfu na elfu vya namna moja presi hushinda. Kwa vipande vichache, vya umbo gumu, vya madini magumu, waya hushinda. Na kwa mabamba manene ya mabehewa yetu, hakuna anayeshinda isipokuwa presi kubwa na moto.

Basi mzee, nyundo yako itakwenda wapi? Hatutaki kukudanganya kwa maneno matamu ya mkutanoni. Pale ambapo umbo moja larudiwa mara hamsini, nyundo itapungua. Ilikwisha pungua tangu presi zilipokuja. Lakini kalibu yataka mtu ajuaye bati linavyotembea, wapi litanyooka hata kupasuka, wapi litajikunja makunyanzi, lini lipashwe moto lilainike kabla ya pigo la pili. Mwenye kapasita hajui hayo. Wewe wayajua, tena wajua kwa sauti tu. Hilo tungependa liandikwe siku mashine za namna hii zitakapokuja mahali popote penye wanachama wetu: fundi wa bati asimame penye kalibu, kwa mshahara wa fundi, asiwe mtu wa kubeba maji.

Sasa tumefika mahali tulipotaka kufika, na tunaomba vijana waache kunong'ona.

Katika kazi hii yuko mtu mmoja ambaye kwa kila pigo hutia mkono wake baina ya vichwa viwili. Ni yule anayefunga waya. Mkono wake uko mahali pale pale umeme utakapopita. Na kapasita, ndugu zetu, haijui kwamba swichi ya ukutani imezimwa. Tangi halimwagiki kwa kuzima pampu. Unaweza kuchomoa waya wa stima ukutani, ukauzungushia mkononi kama kamba ya mbuzi, na kapasita ingali imejaa. Mashine ya hospitali ya kuustua moyo hutoa jouli 360 hivi kwa kipimo chake cha juu. Kapasita yetu ya mfano ina 5,000. Hakuna haja ya kusema zaidi.

Mtasema, hiyo mashine hatunayo, yatuhusu nini? Yatuhusu. Wengi mnakumbuka mwenzetu aliyeangushwa pale penye mashine ya kuchomelea, zile nyepesi za siku hizi. Iliacha kufanya kazi. Aliizima, akachomoa plagi mbele ya macho yetu, akaondoa kifuniko apate kuondoa vumbi. Fomeni alikuwa akihimiza, maana behewa lilikuwa likingojwa jioni. Aligusa ndani kwa bisibisi, mwanga ukaruka, naye akatupwa nyuma juu ya mapipa. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini vidole viwili viliungua, na wiki mbili hakuweza kushika nyundo. Katika karatasi ya ajali iliandikwa kwamba hakuwa mwangalifu. Sisi tuliokuwapo twasema alifanya alilofundishwa: zima, chomoa, fungua. Hapana aliyemfundisha neno la nne, yaani ngoja, kisha tuliza, kisha pima. Ndani ya mashine zile ziko kapasita zinazoshika volti zaidi ya 300. Tukipiga hesabu kwa maikrofaradi 1,000 na volti 320, twapata jouli 51. Kumbukeni ile ya mfano ni mara mia ya hiyo.

Kwa hiyo watu wenye kufanya kazi ya waya wana desturi zao, nasi tumeziona ni nzuri hata kwa karakana yetu. Mlango wa sanduku la kapasita una swichi inayoutuliza umeme kila mlango ufunguliwapo, kupitia kizuizi kinachoula polepole. Hata hivyo hawaamini swichi hiyo peke yake. Iko fimbo ndefu isiyopitisha umeme, yenye ndoana ya shaba na waya mnene uliofungwa ardhini. Baada ya kizuizi kufanya kazi yake na kipimo kusoma sifuri, ndoana hutundikwa juu ya kapasita na kuachwa hapo hapo. Haiondolewi. Maana kapasita ina hila moja: ukiituliza mara moja na kuiacha wazi, baada ya kitambo umeme kidogo hurudi wenyewe, kama maji yanayojikusanya tena chini ya ndoo uliyoimwaga. Katika kapasita kubwa hicho kidogo chatosha kuua.

Na ufunguo. Mashine haiwezi kujazwa bila ufunguo mmoja, nao hukaa mfukoni mwa yule anayefunga waya. Haukai kwa fomeni, wala mezani, wala msumarini. Akiwa na mkono ndani ya maji, ufunguo uko mfukoni mwake. Mtu akiwa na haraka amngoje. Pigo lenyewe hufanywa kila mtu akiwa nyuma ya ukuta na masikio yamezibwa, kwa sababu kalibu mbovu yaweza kupasuka, na mshindo ule ukirudiwa siku nyingi hula masikio polepole, kama yalivyoliwa ya mafundi wa boila tuliowakuta tulipoanza kazi, waliokuwa wakizungumza kwa kupiga kelele hata kanisani.

Tumeandika barua kwa niaba ya kamati ya karakana. Tumeomba vitu vitatu: kipimo cha volti kizima katika kila sanduku la zana za umeme, fimbo ya kutulizia yenye kizuizi chake kwa kila chumba chenye mashine za kapasita, na karatasi ya ajali ya mwenzetu isomwe upya pale palipoandikwa kwamba hakuwa mwangalifu. Juu ya la kwanza tumejibiwa kwamba litatazamwa. La pili limesemwa kuwa ni gharama, ingawa fimbo moja haifikii bei ya jozi ya viatu vya kazi. Juu ya la tatu hatujapata jibu lolote, na mwenzetu mwenyewe ameketi pale mstari wa tatu. Anayetaka kumwuliza ilivyokuwa amwulize baada ya mkutano, vidole vyake ataonyesha mwenyewe.

Mzee wa bati ameomba ajibu kidogo kabla hatujafungua maswali. Karibu, mzee.